Gurnah si wetu? Nani kamsusa mwenzie?

Hapa Ngamiani, Tanga, ukimtaja mwandishi wa riwaya Abdulrazak Gurnah kwenye kahawa lazima mtu aseme yule si wetu, kaondoka Unguja kijana wa miaka 18, kafundisha fasihi Kent huko Uingereza mpaka kastaafu, vitabu vyote Kiingereza, sasa Nobel yake ya fasihi ya 2021 tunaipigia vigelegele ya nini. Na hoja ina uzito, hasa Tanga, maana Shaaban Robert kazaliwa Vibambani hapo na kaandika Kiswahili mpaka anaingia kaburini, tena sehemu kubwa enzi za mkoloni.

Ila wengi wanaosema hivyo hawajamsoma. Kwenye riwaya yake By the Sea ya 2001, mzee Saleh Omar anashuka Gatwick kuomba hifadhi, kwenye begi ana kijisanduku cha udi, afisa uhamiaji anakifungua, ananusa, kinampendeza, anakichukua. Basi. Aliyekulia nyumba yenye chetezo haelezwi pale kimeibwa nini. Riwaya yake nyingine, Afterlives, nayo ina Hamza, kajiunga mwenyewe na askari wa Mjerumani akaja kujeruhiwa na afande wake huyo huyo Mjerumani. Sisi vita ya hapa Tanga ya Novemba 1914, Mjerumani na Mwingereza, tunahadithiana nyuki waliowatimua Waingereza, tunacheka, ila waliobeba bunduki za Mjerumani walirudi vipi makwao hatuulizi.

Mimi inayonikera ni hesabu nyingine. Riwaya yake Paradise ilitoka 1994, ikafika mpaka orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker ya Uingereza. Kiswahili chake, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota wakaitoa 2022. Miaka 28 jamani! Yani Waswidi watoe tuzo kwanza ndo tukumbuke, aliyezaliwa mwaka ule kashakuwa na watoto wake, na kitabu chenyewe ni cha Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa na babake kwa tajiri kisa deni, misafara ya bara, mambo ya mwambao huu huu. Wachapishaji walikuwepo, vyuo vikuu vilikuwepo, walimu wa fasihi kibao. Hapo aliyemsusa mwenzie nani?

Watasema angetafsiri mwenyewe. Na hapa simtetei sana, maana huyu ni mhakiki pia, miaka ya 90 kahariri juzuu mbili za insha kuhusu uandishi wa Afrika, mjadala wa Mwafrika aandike kwa lugha gani anaujua kuliko sisi wa kahawani. Angeweza hata hadithi fupi moja. Lakini Peponi ipo madukani sasa, na wanaombishia hapa bado hawajainunua.