Tope la Zigi na lawama za mkulima

Masika yakikolea, Mto Zigi huingia Bwawa la Mabayani ukiwa mwekundu, shabu ya kusafishia maji huongezwa, na mjini Tanga lawama zote humwendea mkulima wa Usambara Mashariki. Zikitajwa modeli za kompyuta zinazokadiria tope la kila shamba, wengi wa huko juu huona ni njia mpya ya kuwafukuza. Hofu yao naielewa. Sheria ya mazingira ya 2004 imeshawaweka mita 60 kutoka mtoni, pawe mteremko mkali, pawe tambarare.

Mimi naona modeli ndiyo shahidi wa mkulima.

SWAT, modeli ya aina hiyo inayotumika sana, hugawa bonde vipande kwa udongo, mteremko na mmea, kisha huuliza: hapa pakichongwa matuta, maji ya mto huko chini yatakuwaje? Chukua kilimo cha kontua, yaani kulima kukingama mteremko, ushauri wa siku zote. Kwa majedwali ya 1978 ya Wischmeier na Smith, watafiti wa mmomonyoko wa Marekani, ambayo SWAT huyatumia, mahali panaposhuka mita 3 hadi 8 kwa kila mita 100, kontua hupunguza mmomonyoko kwa nusu. Panaposhuka mita 21 hadi 25, hupunguza sehemu moja tu kati ya kumi. Moja ya kumi! Na njia ya kwenda Amani ina mashamba ya mihogo yenye mteremko mkali kuliko huo. Basi mtu katii kila neno la bwana shamba, udongo wake bado unakwenda na maji, naye anaitwa mkaidi. Kinachomfaa ni matuta ya ngazi, majani ya tembo kwenye kingo, iliki na mdalasini pamoja na miti. Hiyo ni kazi ya jembe ya miezi, na sisi tunaofungua bomba mjini tulipaswa kuichangia.

Wanaopinga wana hoja. Majedwali hayo yalitokana na mashamba ya majaribio ya Marekani, tena hayahesabu makorongo, kingo zilizobomoka wala barabara za udongo. Wachimbaji wa dhahabu mtoni nao hawamo. Kwa hiyo makadirio yasiyopimwa kwa maji ya mto wenyewe yasimhamishe mtu. Lakini maji hayo yachotwe mvua ikipiga, hata usiku, pale Mto Kihuhwi unapoingia Zigi, maana tope jingi la mwaka hupita kwa siku chache tu.