Shairi la Msichana Si Maelezo ya Polisi

Machi 8 ikikaribia, Siku ya Wanawake Duniani, na tena ikifika Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, shule nyingi huwaita wanafunzi watunge mashairi na ngonjera. Mada zinajulikana hata kabla hazijatangazwa: ndoa za utotoni, mimba za shuleni, ukeketaji, kipigo cha nyumbani. Hapo ndipo walimu na wazazi wanapogawanyika. Wako wanaosema msichana aandike yaliyompata yeye mwenyewe, kwa sababu asipoyasema yeye hakuna atakayeyasema. Wako wanaosema shule haina haki ya kumchokonoa mtoto kidonda ili ipate kikombe. Pande zote mbili zina hoja nzito, na mtu anayezichukulia kijuujuu atawaumiza watoto kwa nia njema kabisa.

Upande wa kwanza una historia ya kujivunia. Mwaka 1996, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mpango wa Tuseme chini ya Penina Mlama na Amandina Lihamba, wanawake wawili waliokwisha kujijengea jina katika tamthilia ya Kiswahili. Wasichana wa sekondari walikaa pamoja, wakataja wenyewe yanayowakwamisha, wakatafuta chanzo chake, kisha wakayageuza kuwa maigizo, nyimbo na mashairi. Walipomaliza kuonyesha, walimu na jamii walijadili walichokiona, na klabu za Tuseme zikabaki shuleni kufuatilia. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika lenye makao yake Nairobi, liliueneza mpango huo katika nchi nyingine. Ninachokithamini zaidi hapo ni kwamba mada zilitoka kwa wasichana, na onyesho halikuwa mwisho wa kazi.

Kunyamaza nako kuna gharama, na gharama hiyo imeandikwa katika sheria zetu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Ilibidi mwanaharakati Rebeca Gyumi aende Mahakama Kuu, ikaamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Kuhusu mimba, Kenya ilikuwa na sera ya kuwarudisha wasichana shuleni tangu 1994. Tanzania ilifungua mlango huo Novemba 2021, baada ya miaka ambayo mwanafunzi mjamzito aliondolewa na kiti chake kikabaki kitupu huku wenzake wakiendelea na somo. Wenzake hao ndio waliojua ameondokaje, nani alimpa lifti, nani alimwahidi simu. Mtu akiniambia wasiandike, namuuliza: kisa hicho kingetunzwa na nani?

Hata hivyo, wanaoogopa nao wana macho. Chukua daftari la insha la msichana wa kidato cha pili. Ameambiwa aandike juu ya tukio lililombadilisha maisha, naye ni mkweli, akaandika. Daftari linakusanywa na kiranja, linakaa juu ya meza katika chumba cha walimu, linafunguliwa na mwalimu wa somo jingine aliyekuwa akitafuta peni. Mwalimu wa Kiswahili, kwa kuvutiwa kwa dhati, anaisoma insha hiyo mbele ya darasa kama mfano wa kuigwa. Jina halitaji, lakini maelezo ya nyumba yenye mwembe mbele yanatosha. Ikifika saa ya chakula cha jioni, bweni zima linajua ni mjomba yupi. Msichana anarudishiwa daftari lake likiwa na alama 14 kati ya 20, na wino mwekundu chini ya kosa la tahajia katika sentensi aliyoiandika kwa shida kuliko zote.

Hapo kosa si la uandishi. Ni la mtu mzima aliyeomba ukweli bila kujiandaa kuupokea.

Kuna hofu ya pili isiyosemwa sana: sauti ni ya nani? Aprili 2025, Wakenya walifuatilia wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere waliofika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na igizo la Echoes of War. Igizo lilikuwa limezuiwa, Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe, polisi wakatumia mabomu ya machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Haki yao ya kupanda jukwaani naitetea bila sharti lolote. Lakini mtunzi alikuwa Cleophas Malala, seneta wa zamani wa Kakamega, ambaye ndiye aliyeandika pia igizo la shule hiyo lililozuiwa mwaka 2013 hadi mahakama ilipoingilia kati. Wasichana walibeba hatari yote kwa miili yao, ilhali maneno yalikuwa ya mwanamume mzima. Igizo hilo ni la siasa za nchi, halikuwa la maisha ya wanawake hasa, ila mtindo ni ule ule katika mashairi mengi ya tamasha: mwalimu au mtunzi wa kulipwa anaandika, mtoto anakariri. Shairi linalosema "mimi binti niliyeozwa" linaweza kuwa limetungwa na bwana mmoja usiku mmoja, kwa kuangalia kilichoshinda mwaka uliopita.

Ndiyo maana mwanamke wa mashairi ya shule amekuwa mmoja tu, na daima analia. Nitunge ubeti wa namna hiyo ili tuuone:

Mwanamke wateseka,
Machozi yakudondoka,
Lini utapumzika,
Dunia ikurehemu.

Mizani iko sawa, vina viko sawa. Ila mwanamke huyu haishi popote. Hana kijiji, hana umri, hana kazi aliyoiacha jikoni. Msikilizaji atapiga makofi na hakuna atakachoulizwa. Sasa tazama ubeti mwingine, niliotunga pia:

Ndoo mbili kisimani,
Kaka bado kitandani,
Nikifika mlangoni,
Kiboko chanisalimu.

Neno "mwanamke" halimo, wala "mateso". Lakini baba aliyekaa mstari wa mbele anajua ni asubuhi ya nyumba gani, na mwalimu mwenye kiboko anajua pia. Huo ndio uandishi ninaoutaka kwa wasichana, na hauhitaji mtu yeyote afunue siri. Unahitaji jicho.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: wasichana waandike, na waandike makali, lakini wasitakiwe kuapa kwamba ni yao. Kila mwanafunzi wa fasihi anafundishwa nafsineni, kwamba anayesema ndani ya shairi si lazima awe aliyelitunga. Tunaitumia kujibu maswali ya mtihani, kisha tunaisahau tukiwa mbele ya mtoto aliyetunga. Tunamuuliza, "Haya yalikupata wewe?" Swali hilo lisiulizwe kamwe mbele ya watu. Mbele ya nafsineni, msichana aliyeumizwa na yule ambaye hakuguswa wanasimama sawa, na hakuna anayeweza kuwatenganisha kwa kusoma tu.

Lugha yetu imeizoea njia hii. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye sauti yake ilirekodiwa kwenye santuri huko Bombay kuanzia 1928, aliimba kisa cha mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka na mashahidi wakafungwa. Hakikuwa kisa chake, na watu waliusikiliza wimbo huo kama habari. Kabla yake, mwaka 1858, Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia: namna ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Wasomaji wa leo wanabishana kama ni utendi wa utii au wa mama mjanja anayemfundisha bintiye kuishi ndani ya dunia aliyoikuta. Mimi huuona kama zawadi kwa darasa. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kutunga jibu la binti: mizani minane kila kipande, vina, na adabu ya kumjibu mama aliye kitandani. Mmoja atashukuru. Mwingine atakataa kwa upole, ubeti kwa ubeti, na katika kukataa huko ataweka mambo ambayo asingeyathubutu katika insha yenye jina lake juu. Sharti la vina litampunguzia maneno ya kupayuka na kumlazimisha achague.

Najua hoja itakayofuata, na ni nzito: tukimficha msichana nyuma ya nafsineni, si tunamficha na mkosaji? Inaweza kutokea. Ila shairi halikuwahi kuwa mahali pa kumshtaki mtu, na jukwaa la shule ni mahali pabaya zaidi pa mtoto kutajia jina la aliyemdhuru. Mwalimu akiona dalili, amwite faraghani au amtume mwalimu wa malezi anayeaminiwa na wasichana, amsikilize bila kalamu mkononi, kisha afuate njia iliyopo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki yake azifikishe serikali za mitaa. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na namba ya simu ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya. Mwalimu asiyejua hayo asitoe mada ya ukatili wa nyumbani kesho asubuhi. Ajifunze kwanza, insha isubiri wiki moja.

Na mada zenyewe zipanuliwe. Msichana ana hasira, ana utani, ana bibi aliyeuza samaki soko la Feri, Dar es Salaam, miaka yote na kusomesha watoto, ana mpira anaoupenda kuliko hesabu. Hayo pia ni maisha ya mwanamke. Wavulana nao waitwe kwenye kazi hii, kwani kwa sasa wanakaa nyuma wakisubiri ngonjera ya wenzao iishe. Yule kaka aliye kitandani katika ubeti wa pili apewe karatasi, aandike asubuhi ile ile kwa upande wake: aliisikia ndoo ikigonga mlango au hakuisikia, na kama aliisikia, aliwaza nini.