Dirisha linalovuja baridi

Kila Oktoba hapa Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, ni hadithi ileile. Namwambia mwenye nyumba dirisha la chumba cha watoto halifungi sawasawa, naye ananijibu, "Nitatuma fundi." Fundi haji. Novemba inaingia, theluji inaanguka, na mimi niko juu ya kiti nabandika karatasi ya plastiki kwenye fremu kwa utepe wa gundi, kisha naipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikaze.

Juzi nilifukiza udi chumbani humo. Moshi ulipanda wima, ulipofika usawa wa dirisha ukapinda kama umesukumwa na mkono. Upepo wa nje unapita hapo, kando ya kitanda cha mwanangu! Asubuhi kizingiti kina barafu kwa ndani.

Sheria ya Minnesota, tangu 2024, inataka nyumba ya kupanga iwe na joto lisilopungua digrii 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Si hisani, ni haki ya mpangaji. Lakini joto lenyewe linatorokea dirishani, na bili ya gesi nailipa mimi.

Usiku wa baridi kali ndiyo balaa zaidi. Naacha bomba la jikoni lidondoshe maji na milango ya kabati la chini ya sinki iwe wazi, maji yasigande yakapasua mabomba. Silali, nasikiliza matone. Kuziba ufa ule ni kazi ya nusu saa tu, jamani. Nusu saa!