Saa Iliyokula Shafti ya Mama wa Nazi

Kwa kuwa jamaa yangu ameshawatangazia wote wa kijiweni kwetu kwamba nilipima shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine, kwa saa ya ukutani, naona heri nieleze mwenyewe, maana ukweli una aibu kubwa kuliko uzushi wake. Haikuwa saa ya ukutani. Ilikuwa saa ya kupimia, ile ambayo mafundi huiita dayo geji, yenye mshale unaoonyesha kijiti chake kimesogea kiasi gani, na niliinunua kwa shilingi 60,000 kwa mzee mmoja muuza vyuma chakavu huku Ngamiani, baada ya kubishania bei mpaka akaanza kuniita mwanawe.

Nataka ijulikane kwamba sikununua kijinga. (Mnaocheka, subirini kidogo, sehemu yenu inakuja.) Kijiti chake cha chini nilikisukuma ndani polepole kwa kidole nione kama kinakwama, kwa sababu saa nyingi za mtumba huwa zimetiwa mafuta na watu wasiojua, mafuta yakashikana na vumbi yakawa gundi. Hakikukwama. Nikaisimamisha saa juu ya bamba la chuma, nikakiinua kijiti na kukiachia mara kumi, na mara zote kumi mshale ukarudi kwenye mstari uleule. Usoni palikuwa na jina la Starrett wa Athol, Massachusetts, watu wa vipimo tangu 1880, na chini ya jina hilo palikuwa na tarakimu za kipimo, ambazo hewa ya bahari ya Tanga ilikuwa imezipaka doa la kutu, pakabaki kusomeka 01 peke yake. Mimi nikasoma 0.01, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, kama saa zote nilizopata kuzishika chuoni. Kwamba kitu kimetoka Marekani niliona ni sifa. Wamarekani wanapima kwa kitu gani, sikujiuliza.

Jamaa yangu ndiye aliyetoa wembe mfukoni, akasema tuupitishe chini ya kijiti. Wembe wa kawaida una unene unaokaribia sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo mshale ulipaswa kuruka mistari 10. Uliruka minne.

“Mbona wembe umekonda hivi?” akauliza.

Nilimjibu, kwa sauti ambayo hadi leo naisikia nikilala, kwamba nyembe za siku hizi hazitengenezwi kama za zamani.

Kazi iliyokuwa inaningoja nyumbani ilikuwa shafti ya mashine ya kukuna nazi ya mama mmoja jirani yetu, ambaye tangu juzi alikuwa amerudia mbuzi, na wateja wake wa asubuhi walikuwa wameanza kumkimbia. Beringi yake ni 6205, yenye tundu la milimita 25, na inatakiwa ikae juu ya shafti kwa kubana. Nilikereza mpaka 25.60 nikipima kwa venia ya jamaa yangu, ile rula ya chuma yenye taya, kisha nikamrudishia na kumwambia auweke mbali utoto wake, sasa tunaingia kwenye kazi za watu wazima. Zilibaki 0.60, na kwa kuwa mashine ya kukereza hula pande zote mbili, kisu kilipaswa kuingia 0.30 tu. Gurudumu la mashine yangu limelegea na namba zake haziaminiki, ndiyo sababu ya kutafuta saa. Nikaifunga kwenye sumaku, nikaielekeza kwenye slaidi ya kisu, nikahesabu mistari 30 kwa awamu tatu. Vyuma vilivyokuwa vinatoka vilikuwa vinene kuliko nilivyotarajia. Nikakisifu kisu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, na watoto wa mtaa wamejipanga nyuma yake. Niliiweka beringi mdomoni mwa shafti, nikachukua kipande cha bomba cha kupigia juu yake, nikainua nyundo, na hapo nikasimama ili niwaeleze kwamba itaingia kwa shida, na kwamba shida hiyo ndiyo alama ya kazi nzuri. Nikiwa bado naeleza, nyundo ikiwa hewani, beringi iliteleza yenyewe. Haikuanguka kwa haraka. Ilishuka kwa utulivu, ikayumba kidogo upande huu, ikayumba upande ule, ikafika kwenye bega la shafti ikasema “kli,” kisha ikaendelea kuzunguka taratibu kama bangili ya mtoto aliyevalishwa ya shangazi. Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka, ningeshukuru.

“Mwanangu,” akasema mama kwa upole kabisa, “na nyundo ya nini tena?”

Jamaa yangu aliivua saa kwenye sumaku, akatema mate kwenye ncha ya shati, akafuta kioo, akafuta tena. Chini ya doa ikatokea sifuri nyingine, na baada ya tarakimu vikatokea vile vijistari viwili vya inchi. Kila mstari ulikuwa sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.0254. Mistari yangu 30 ilikuwa imekula 0.76 kila upande. Venia, ile ya utoto, ikasoma 24.08.

(Anayetaka kuniandikia kwamba ningeusikiliza wembe, asijisumbue. Wameshaandika kumi na wawili.)

Yaliyofuata ni mafupi: shafti ilikwenda kujazwa kwa fundi wa kuchomelea, ikakerezwa upya na mtu mwingine, nikalipa mimi, na nazi zinakunwa. Saa ninayo bado, nayo ni nzima kabisa. Tatizo ni kupita pale mlangoni kila asubuhi, kwa maana siwezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kwani saizi saa ngapi?”