Kuhifadhi barua pepe kwenye kompyuta: kasi ina gharama yake

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Katika hali kama hiyo, anayesomea barua kwenye kivinjari hukwama hata kwa barua alizokwisha kuzisoma, ilhali mwenye programu inayohifadhi ujumbe kwenye diski huendelea kuupekua mkataba wa mwaka juzi na kuandika majibu yatakayotoka mtandao ukirudi. Ni kweli kwamba Gmail huruhusu kusoma bila mtandao ndani ya Chrome, lakini mwisho ni barua za siku 90, na mkaguzi wa hesabu huwa anaulizia za nyuma ya hapo.

Swali gumu ni programu ipi, kwa sababu kasi hutegemea namna barua zinavyopangwa kwenye diski kuliko sura ya programu yenyewe. Thunderbird, ambayo ni ya bure, kwa kawaida hurundika barua zote za folda moja ndani ya faili moja. Mpangilio huo ni rahisi kuhamisha, lakini barua uliyoifuta hubaki ndani ya faili mpaka folda ibanwe, yaani faili iandikwe upya bila barua zilizofutwa, na kubana folda ya gigabaiti kadhaa kwenye diski ya zamani ya kuzunguka ni kazi ya kuitengea muda. Isitoshe, ujumbe mmoja mpya unatosha kuifanya antivirusi iikague upya faili nzima. Watu wengi huilaumu programu kwa uzito usio wake. Claws Mail huipa kila barua faili yake na ni nyepesi mno, hivyo huifaa kompyuta iliyochoka, ila haiandiki barua zenye mapambo ya HTML, jambo ambalo mhasibu hatalijali na mtu wa masoko hatalikubali.

Outlook ya kawaida imekomaa, na faili zake leo hufika gigabaiti 50 bila kubadilisha mipangilio, tofauti na muundo wake wa kale ulioishia gigabaiti 2. Outlook mpya ya Windows ni habari nyingine: imejengwa juu ya teknolojia ya wavuti, na hata akaunti zisizo za Microsoft inaweza kuzipitishia kwenye seva za kampuni hiyo. Kwa anayetafuta hifadhi ya kwake mwenyewe, naona inapingana na lengo.

Wanaopinga hifadhi ya ndani wana hoja nzito. Nenosiri kuu la Thunderbird hulinda manenosiri yaliyohifadhiwa tu, si barua; laptopu ikiibwa bila diski kusimbwa, yaani kufungwa isisomeke bila ufunguo, kwa BitLocker ya Windows au mfano wake, mwizi anazisoma zote. Tena, nakala inayoletwa kwa IMAP, njia inayolinganisha barua za kompyuta na za seva, si akiba: barua ikifutwa kwenye seva, hufutika na kwenye kompyuta.

Hata hivyo, kwa ofisi yenye diski za SSD, zile za kasi zisizozunguka, ningechagua Thunderbird, kwa sharti kwamba diski zisimbwe na nakala ya akiba iwekwe kwenye diski ya pembeni kila wiki. Kabla ya kuhamisha ofisi nzima, ijaribiwe kwanza kwa kikasha kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa kwa kikasha kitupu kila programu huonekana ina kasi.