Kampala Inatanuka: Barabara Zitangulie Nyumba

Sensa ya 2024 ilikuta watu zaidi ya milioni 3 katika wilaya ya Wakiso, inayoizunguka Kampala. Kampala yenyewe haikufika milioni 2. Kira, Nansana, Gayaza, Matugga: mashamba ya ndizi na kahawa yanakatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, na barabara inakuwa ule upenyo alioubakiza dalali.

Sheria tunayo. Ile ya mipango ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, maana yake hata vijijini hujengi bila kibali. Wanaotaka isimamiwe kwa ukali wana hoja nzito. Bonde la Lubigi, ambalo kazi yake ni kupokea maji ya mvua ya jiji, limevamiwa kwa ujenzi, na wakazi wa Bwaise, mtaa wa Kampala ulio karibu nalo, wanaijua vizuri adha ya mafuriko. Tena nyumba zikitawanyika ovyo, kuzifikishia bomba na umeme ni ghali.

Lakini ukali huo unamwangukia nani? Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba za watu Lubigi. Bonde lilistahili kulindwa, sibishi. Ila kazi hiyo ilipaswa kufanyika wakati msingi unachimbwa, si watoto wakiwa wamekwisha kulala ndani. Isitoshe, mwenye kibanja, yaani anayekaa kwenye kipande cha ardhi ya mailo (ardhi ya umiliki wa kudumu) ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, hana hati, na bila hati au ridhaa ya mwenye ardhi, kibali ni kizungumkuti. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda asifukuzwe, huku sheria ya mipango ikimhesabu mkosaji akijenga. Mtu huyo afanye nini?

Kwa maoni yangu, kuchora mpaka na kukataza ujenzi nje yake hakutafaulu hapa, maana watu wanahitaji pa kuishi na kiwanja cha mbali ndicho wanachokimudu. Serikali itangulie: ipime barabara na mitaro kabla shamba halijakatwa, iweke alama ardhini, na mwenye ardhi alipwe fidia kwa kipande kinachochukuliwa. Fidia ni mzigo kwa hazina, lakini kupasua barabara baadaye katikati ya nyumba za watu ni mzigo mkubwa zaidi.

Pia ardhi iliyolala ndani ya jiji itozwe kodi. Wapangaji wa Naguru na Nakawa waliondolewa mwaka 2011 kupisha mji wa kisasa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya eneo hilo ilibaki majani matupu. Wapo wanaohofia, na si bure, kwamba kodi hiyo itamwumiza mjane mwenye ardhi asiye na fedha. Basi ianze na maeneo makubwa, na ardhi yenye wakaaji wa vibanja isiguswe.

Mbarara, Gulu na Arua zilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Pembezoni mwake bado kuna mashamba mazima, na wapimaji wa ardhi wangeweza kuanzia huko.