Plastiki ya Wodini na Plastiki ya Jalalani

Mjadala kuhusu plastiki na afya umegawanyika katika sauti mbili ambazo ni nadra kusikilizana. Ya kwanza inasema plastiki imeshaingia katika damu, katika kondo la nyuma na hata katika ubongo, hivyo tunajitilia sumu wenyewe kila siku. Ya pili, ambayo aghalabu hutoka kwa watu wa wodini na maabara, inajibu kwamba pasipo plastiki hakuna dripu, hakuna bomba la sindano la kutumika mara moja, hakuna mfuko wa damu, na kwamba anayetaka plastiki itokomezwe hajawahi kumuuguza mtu mahututi. Pande zote mbili zina hoja za kweli, lakini zote hujikwaa mahali pamoja: zinaizungumzia plastiki kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwa afya ya binadamu, plastiki huja kwa sura tatu. Kuna chembechembe ndogo zinazomeguka kutoka kwenye vitu vya plastiki. Kuna kemikali zilizochanganywa kiwandani ili plastiki ilainike au isishike moto. Na kuna taka zenyewe, zinapochomwa au kutelekezwa. Ushahidi kuhusu sura hizi haulingani uzito, na jambo la kushangaza ni kwamba sura inayotajwa zaidi kwenye vichwa vya habari ndiyo ambayo sayansi yake bado haijatulia.

Tuanze na hiyo. Mwaka 2004 Richard Thompson na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa vipande vidogo mno vya plastiki vimetapakaa baharini na ufukoni. Ilichukua takriban miaka 17 kabla ya watafiti wa Roma kuripoti kwamba, kati ya makondo sita ya nyuma waliyoyachunguza, manne yalikuwa na chembechembe hizo. Mwaka 2022 watafiti wa Amsterdam walichunguza damu ya watu 22 na kuzikuta kwa watu 17. Hata hivyo, kukuta kitu mwilini ni jambo moja, na kuonyesha kwamba kitu hicho kinaudhuru mwili ni jambo jingine.

Utafiti uliokaribia zaidi kuziba pengo hilo ulitoka Italia mwezi Machi 2024. Madaktari walichukua utando wa mafuta uliokuwa umeondolewa kwa upasuaji kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa, wakaupima, kisha wakawafuatilia wagonjwa 257 kwa takriban miezi 34. Katika utando wa wagonjwa 150 kati yao walikuta plastiki aina ya polietilini. Waliokuwa na plastiki katika utando huo walikabiliwa na hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo iliyokuwa zaidi ya mara nne ya ile ya wenzao. Tarakimu hizo zinatisha, na hapana sababu ya kuzipuuza. Lakini waandishi wenyewe walikiri kwamba matokeo yao hayathibitishi kuwa plastiki ndiyo chanzo, kwa kuwa huenda mtu mwenye plastiki nyingi mwilini pia anavuta hewa chafu zaidi au anaishi maisha tofauti kwa namna ambayo utafiti haukuipima. Isitoshe, chumba cha upasuaji na maabara ni mahali palipojaa plastiki, kuanzia glavu za daktari hadi kichupa cha kubebea sampuli, kwa hiyo kuhakikisha kwamba kilichopimwa kilitoka mwilini na hakikuingia kwenye sampuli njiani ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Ugumu huo ulijitokeza wazi mwanzoni mwa mwaka 2025, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico waliporipoti kwamba sampuli za ubongo za mwaka 2024 zilikuwa na plastiki nyingi kuliko zile za mwaka 2016. Njia waliyotumia ni kuipasha sampuli joto kali mno na kupima gesi zinazotoka. Wakosoaji wakasema kwamba mafuta ya mwilini nayo yakipashwa joto hilo hutoa gesi zinazofanana na za polietilini, na ubongo, kama ijulikanavyo, ni kiungo chenye mafuta mengi. Kwa maoni yangu, msimamo wa haki kwa sasa ni kuchukua tahadhari bila kutangaza janga. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na msimamo unaokaribiana na huo mwaka 2019, lilipochunguza maji ya kunywa na kusema kwamba ushahidi uliopo haukutosha kuhitimisha kuwa chembechembe hizo zinadhuru afya, huku likihimiza utafiti zaidi na kupunguzwa kwa uchafuzi.

Kuhusu kemikali, ushahidi ni thabiti zaidi, na mfano mzuri kuliko yote umening'inia kwenye kila chuma cha dripu. Kabla ya miaka ya 1950, damu ya kuongezewa wagonjwa ilihifadhiwa katika chupa za kioo, ambazo zilivunjika na ziliweza kupitisha hewa hadi kwenye mshipa wa mgonjwa. Mfuko wa plastiki uliondoa hatari hiyo, ukaruhusu pia damu itenganishwe kuwa chembe nyekundu, utegili (majimaji ya damu) na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) bila mfuko kufunguliwa. Mfuko huo hutengenezwa kwa PVC, plastiki ambayo kwa asili ni ngumu kama bomba la maji, na ili ikunjike huongezwa kilainishi kiitwacho DEHP, ambacho huweza kufikia kati ya asilimia 30 na 40 ya uzito wake. Kilainishi hicho hakijashikamana na plastiki kwa muungano wa kikemia. Hutoka polepole na kuingia kwenye damu iliyomo. Katika majaribio ya wanyama kimeonekana kuvuruga homoni na ukuaji wa viungo vya uzazi vya madume, na ndiyo maana mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishauri vifaa visivyo na DEHP vitumike kwa watoto wachanga wa kiume wanaopewa matibabu mazito. Mtoto njiti mwenye mirija puani, mdomoni na kwenye kitovu hupokea kilainishi hiki kwa kiwango ambacho mtu mzima mwenye afya hakikaribii kamwe.

Watengenezaji wangeweza basi kukiondoa tu? Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa maana DEHP, kwa bahati ambayo hakuna aliyeipanga, huimarisha kuta za chembe nyekundu na kuzisaidia zisipasuke katika wiki sita za kuhifadhiwa. Kemikali ileile inayotiliwa shaka ndiyo inayoifanya damu idumu.

Sura ya tatu, ya taka, haina utata wa namna hiyo. PVC inapochomwa katika moto usiotosha hutoa daioksini, kundi la sumu ambalo mwanachama wake mkali zaidi alitajwa mwaka 1997 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulivitaja viteketezi vya taka za hospitali miongoni mwa vyanzo vya sumu hiyo. Plastiki isiyochomwa nayo ina kazi yake: kopo au kifuniko kilichoshika maji ya mvua hutosha kuwa zalio la mbu wa aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, na mifuko iliyoziba mitaro huleta mafuriko. Bangladesh ilipiga marufuku mifuko myembamba mwaka 2002 kwa sababu hiyo ya mitaro, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kupima plastiki kwenye damu.

Kwa hiyo sekta ya afya inajikuta ikiwatibu wanaodhuriwa na taka huku yenyewe ikizizalisha. Utetezi wake ni mzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 sindano zilizotumika bila usalama, nyingi zikiwa zimerudiwa, zilisababisha maambukizi mapya milioni 21 ya homa ya ini aina ya B na 260,000 ya virusi vya UKIMWI. Bomba la sindano linalojifunga lenyewe baada ya kutumika mara moja ni jibu la moja kwa moja kwa balaa hilo, na kulilaumu kwa sababu ni la plastiki ni kukosa shukrani.

Lakini utetezi huo umevutwa hadi mahali pasipostahili. Uingereza ilijifunza hilo mwaka 2001, ilipoamuru upasuaji wa kuondoa tonsili ufanywe kwa vifaa vya kutumika mara moja, kwa hofu ya ugonjwa wa ubongo uliohusishwa na kichaa cha ng'ombe. Visa vya wagonjwa kutokwa damu baada ya upasuaji vikaongezeka, vikahusishwa na vifaa hivyo vipya, na kabla mwaka haujaisha vifaa vya kutakaswa na kurudiwa vikaruhusiwa tena. Glavu nazo zina kisa chake: katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street jijini London, wauguzi walianzisha mwaka 2018 kampeni ya kuacha kuvaa glavu pasipo haja, kama vile wakati wa kutandika kitanda au kumlisha mtoto, na katika mwaka wa kwanza waliokoa tani 21 za plastiki. Anayevaa glavu husahau kunawa, kwa hiyo glavu zikipungua hata maambukizi yanaweza kudhibitiwa vizuri zaidi.

Ukifunua ndoo ya taka wodini, kilicho juu mara nyingi hakijamgusa mgonjwa. Ni karatasi laini za nailoni zilizofunika bandeji, vifuniko vya sindano, sinia la plastiki lililobeba pamba mbili. Shirika la Afya Duniani husema asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni taka za kawaida zisizo na hatari, lakini zikishatupwa pamoja na sindano yenye damu, zote huwa za hatari na zote huelekea kwenye tanuri. Wakati wa UVIKO-19 mzigo huu ulionekana waziwazi: takriban tani 87,000 za vifaa vya kujikinga zilinunuliwa kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, ilhali kituo kimoja kati ya vitatu hivi duniani hakikuwa na uwezo hata wa kuhimili taka zake za kawaida.

Mvutano huu ulifika pia kwenye mazungumzo ya mkataba wa kimataifa wa plastiki, yaliyoidhinishwa Nairobi mwezi Machi 2022 na kukwama Geneva mwezi Agosti 2025 bila makubaliano. Baadhi ya wajumbe walitaka vifaa vya tiba visiguswe kabisa, na hofu yao inaeleweka, maana hakuna serikali inayotaka kukosa mabomba ya sindano kwa sababu ya kifungu kilichoandikwa vibaya. Mashirika kadhaa ya afya yalipinga msamaha wa jumla, nami nakubaliana nayo. Msamaha wa jumla unauweka mfuko wa damu na karatasi ya kufunikia pamba katika kapu moja, na hivyo unamwondolea mtengenezaji sababu yoyote ya kutafuta mbadala. Umoja wa Ulaya umeonyesha njia nyingine kwa DEHP: kifaa cha tiba kinaendelea kuruhusiwa, lakini hadi Julai 2030, na baada ya hapo anayetaka kuendelea kuitumia atahitaji kibali maalumu. Tayari vilainishi vingine vimeanza kujaribiwa kwenye mifuko ya damu. Benki moja ya damu, hata ikitaka kiasi gani, haina nguvu ya kuharakisha kazi hiyo peke yake, kwa sababu kiwanda hakibadilishi mchanganyiko wake kwa ajili ya mteja mmoja.